Kuomba tuzo ya kumbukumbu ya watafiti chipukizi wa sayansi ya data: mwongozo kutoka upande wa meza ya majaji

Tuzo nyingi wanazopewa watafiti chipukizi wa takwimu na sayansi ya data zina jina la marehemu. Huanza karibu kwa namna moja: mtu anafariki, ndugu na wenzake wanachanga fedha, chama cha wanataaluma kinakubali kuusimamia mfuko, kisha watu wachache waliofanya naye kazi wanakaa kuandika masharti. Ukiyasoma masharti hayo harakaharaka yanafanana na ya tuzo nyingine yoyote. Ukiyasoma kwa utulivu utamsikia mtu ndani yake.

Nimewahi kuomba nikakosa, na nimewahi kusoma maombi ya wengine. Ninayoyaandika hapa nimejifunza zaidi upande huo wa pili. Mara nyingi maombi yaliyoanguka hayakuwa na kazi dhaifu. Yalikuwa na kazi nzuri iliyoletwa kama furushi, jaji akaachiwa alifungue mwenyewe na kuamua kipi ni cha thamani.

1. Anza na marehemu

Kabla hujagusa fomu, jua aliyepewa jina hilo alikuwa nani na kwa nini wenzake waliona akumbukwe kwa tuzo na si kwa sanamu. Soma makala yake moja au mbili, soma na taazia zilizoandikwa na waliomfahamu. Jioni moja inatosha.

Chukua Karen Spärck Jones wa Cambridge. Mwaka 1972 alichapisha wazo kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito mkubwa kuliko neno lililotapakaa kila mahali, na wazo hilo limebaki katika misingi ya injini za kutafuta taarifa. Alifariki 2007. Tuzo yenye jina lake husimamiwa na kikundi cha utafutaji wa taarifa cha chama cha kompyuta cha Uingereza, na masharti yake hutaja waziwazi kazi ya majaribio. Hilo halikuja kwa bahati: yeye mwenyewe alisumbuka miaka mingi na swali la namna ya kupima kama mfumo unafanya kazi kweli. Mwombaji anayeleta nadharia tupu, hata iwe maridadi namna gani, amebisha mlango usio wake.

Au mtazame Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata na mshindi wa 1998 wa Tuzo ya Turing, ile tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, aliyetoka San Francisco na mashua yake Januari 2007 na asionekane tena. Wanataaluma wa SIGMOD, kikundi cha hifadhidata cha chama cha kompyuta cha ACM, waliipa jina lake tuzo ya tasnifu bora ya uzamivu. Kwa hiyo hapo kinachopimwa ni tasnifu. Makala kumi ulizoandika baadaye hazikusaidii kitu. Kwa upande mwingine, tuzo ya Peter Hall, mwanatakwimu wa Australia aliyefariki Januari 2016, hutolewa na Taasisi ya Takwimu za Hisabati kwa mtu ambaye hajapitisha miaka minane tangu amalize uzamivu, na inaangalia mchango wake kwa ujumla. Zote ni tuzo za chipukizi, zote za kumbukumbu, lakini faili linaloshinda moja laweza kuanguka vibaya katika nyingine.

Tahadhari moja. Kumsoma marehemu si kujipendekeza kwake. Nimekutana na aya za "tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikivutiwa na kazi za marehemu", na jaji aliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka ishirini huzisoma akikunja uso. Unamsoma ili uchague. Kati ya mambo yote uliyoyafanya, lipi lingemsimamisha, avute kiti, aulize swali? Hilo ndilo liende mbele. Jina lake linaweza lisitajwe hata mara moja katika maelezo yako, na bado jaji akamwona.

2. Hesabu miaka yako kabla ya jambo jingine lolote

Neno "chipukizi" halina maana moja. Tuzo nyingine huhesabu umri, nyingine huhesabu miaka tangu uzamivu, na hata hapo kuna mtego: tangu ulipotetea tasnifu, au tangu ulipotunukiwa shahada? Kati ya siku hizo mbili huweza kupita miezi minane. Angalia pia hesabu inaishia wapi: siku ya mwisho ya kupokea maombi, au Desemba 31 ya mwaka wa tuzo?

Kama ulisimama kwa ajili ya uzazi, ugonjwa, kumuuguza mzazi au kazi nje ya utafiti, tazama kama masharti yanaruhusu muda huo utolewe. Mengi siku hizi yanaruhusu. Yasiposema chochote, mwandikie katibu wa kamati swali fupi na uhifadhi jibu lake. Katika faili andika kwa mstari mmoja: "Muda wa utafiti baada ya uzamivu, ukitoa miezi kumi na moja ya likizo: miaka sita na miezi mitatu." Hakuna haja ya kueleza ugonjwa gani wala kuomba radhi.

Hapohapo angalia nani anaruhusiwa kupendekeza. Zipo tuzo ambazo unajiombea mwenyewe, na zipo ambazo ukijiombea faili halifunguliwi.

3. Tafuta sentensi ambayo majaji watarushiana

Jopo linapokutana, hakuna anayesoma faili lako kwa sauti. Jaji mmoja anasema, "Huyu ndiye yule aliyefanya…", na wengine wanaitikia au wanabaki kimya. Kazi yako ni kuiandika sentensi hiyo mwenyewe kabla hawajakutungia yao.

Tutumie mfano wa kubuni. Mtafiti ameshughulika na rekodi za wagonjwa zenye mapengo. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Utafiti wangu umejikita katika makutano ya ujifunzaji wa mashine, takwimu na afya, nikiwa na makala 23 katika majarida na makongamano ya kimataifa." Hapo amejieleza kama watu mia nne wengine. Rasimu ya nne inasema: "Nilionyesha kwamba katika rekodi za hospitali, kipimo kisichochukuliwa kinabeba taarifa, kwa sababu daktari ameamua kutokichukua, na nikatoa njia ya kuitumia taarifa hiyo badala ya kujaza pengo kwa wastani." Hii ya pili jaji wa takwimu ataikumbuka kesho yake, na hata jaji wa hifadhidata ataielewa.

Utagundua kwamba ili kuipata sentensi hiyo, mtafiti huyu amelazimika kuacha nje nusu ya kazi zake. Inauma. Ile makala ya picha za satelaiti aliyoifanya na rafiki yake, iliyonukuliwa kuliko zote, haina nafasi katika hadithi hii. Itabaki kwenye orodha. Nimeona watu wakishindwa hapa kuliko mahali pengine popote: kila mtoto ni wao, hawawezi kumwacha mmoja nje ya picha. Matokeo yake ni maelezo ya kurasa mbili yenye miradi saba, na jaji anamaliza akiwa hana neno la kumwambia mwenzake.

Ukishaipata sentensi, maelezo mengine yote yaijibu kwa mpangilio huu au unaokaribiana nao: tatizo lilikuwa nini kabla yako, ulifanya nini hasa, nani amekitumia, na kipi bado hakijatatuliwa. Hilo la mwisho watu hulificha. Usilifiche. Mtafiti anayejua pale njia yake inapovunjika anaaminika kuliko yule ambaye kila grafu yake inapanda.

Hapa pia ndipo pa kutenganisha mkono wako na mikono ya wenzako. Sayansi ya data hufanywa kwa makundi, na jaji akiona makala yenye waandishi kumi na wawili, swali lake la kwanza ni "yeye alifanya nini?" Majarida mengi hutumia mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14, kueleza nani alibuni wazo, nani aliandika programu, nani alisafisha data. Uchukue mfumo huo kama kioo. Kwa kila makala kuu andika sentensi moja: "Nilibuni mbinu na kuandika msimbo wote, uthibitisho wa kihisabati ni wa mwandishi wa pili." Kumpa mwenzako haki yake hakukupunguzii wewe chochote, na mara nyingi mwenzako huyo atakuja kuulizwa.

4. Mpendekezaji na waandishi wa barua

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu maombi mengi huamuliwa na barua.

Kwanza, kuomba kupendekezwa. Wengi wetu tumelelewa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", kwa hiyo tunangoja mtu atuone. Atatuona lini? Msimamizi wako wa zamani ana wanafunzi wengine, ana ruzuku ya kuandika, na pengine hajui kabisa kwamba tuzo hiyo ipo. Mwandikie. Barua ya mistari sita: tuzo ni hii, masharti yake ni haya, nadhani ninafaa kwa sababu hii moja, tarehe ya mwisho ni hii, je, uko tayari kunipendekeza, na kama una wasiwasi wowote niambie bila kuficha. Kipande hicho cha mwisho ni cha lazima. Anayekubali kwa kusitasita atakuandikia barua ya kusitasita, na majaji wanainusa barua ya namna hiyo kutoka mbali.

Pili, nani aandike. Msimamizi wako anatarajiwa kukusifu, kwa hiyo sifa zake zina uzito nusu. Inayobeba zaidi ni barua ya mtu ambaye hamjaandika makala pamoja, aliyekutana na kazi yako kwa sababu alikuwa na tatizo na kazi yako ikamsaidia. Kama barua zinatakiwa tatu, moja itoke kwa anayekujua kwa karibu, moja kwa mtu wa mbali wa fani hiyohiyo, na ya tatu, ukiweza kuipata, kwa mtu aliyeitumia kazi yako nje ya fani: mwanabiolojia, mhandisi, mtu wa ofisi ya takwimu. Jina kubwa lisilokujua halikusaidii. Aya mbili za profesa mashuhuri zinazosema "nimesikia mengi mazuri juu yake" humaanisha kwamba hajasoma.

Tatu, wape vifaa. Wapelekee sentensi yako, maelezo ya ukurasa mmoja, makala mbili (si kumi), masharti ya tuzo, na orodha fupi ya mambo ambayo kila mmoja wao peke yake anaweza kuyashuhudia. Kwa yule wa mbali unaweza kusema: "Ningefurahi ukieleza jinsi timu yako ilivyotumia programu hii na mlikumbana na nini." Usimwandikie barua yake. Ukiombwa uiandike, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyokiri, andika orodha ya matukio na tarehe, sifa aziweke mwenyewe. Barua tatu zenye mwandiko mmoja wa fikra zinatambulika. Niliwahi kusoma barua iliyomsifu mwombaji vizuri mpaka aya ya tatu, ambapo jina lilibadilika likawa la mtu mwingine. Mwandishi alikuwa amenakili barua ya mwaka uliotangulia. Jopo lilicheka, kisha likanyamaza, kwa sababu aliyeumia hakuwa yule profesa.

Nne, lugha ya barua zenyewe. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za mapendekezo katika chuo kimoja cha tiba cha Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na zilisisitiza bidii na kujituma pale ambapo za wanaume zilitaja utafiti na machapisho. Ukiwa mpendekezaji, hesabu mwenyewe: mara ngapi umeandika "mchapakazi", "mwenye heshima", "anashirikiana vizuri"? Mara ngapi umetaja matokeo? Mtu hapewi tuzo ya utafiti kwa kufika kazini mapema.

Wape waandishi wiki sita. Wakumbushe mara mbili, wiki mbili kabla na siku nne kabla, kwa upole na bila kurudia historia yote.

5. Ushahidi unaofunguka

Katika fani hii, jaji mdadisi atabofya. Nakwambia kwa sababu nami hubofya. Ukisema programu yako ni huria, kiungo kifunguke, kuwe na maelezo ya namna ya kuisakinisha, kuwe na leseni, na mfano mmoja mdogo unaokimbia bila kuomba faili lililobaki kwenye kompyuta yako. Hazina ya msimbo iliyoguswa mara ya mwisho miaka minne iliyopita, yenye maswali ya watumiaji yasiyojibiwa, inasema jambo ambalo maelezo yako hayawezi kulifuta. Wiki moja kabla, mpe mwenzako ambaye hajawahi kuiona, umtazame akijaribu, na usimsaidie.

Msimbo na data zinazonukuliwa ziwe na kitambulisho cha kudumu. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa tangu 2013 na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, hukupa kitambulisho hicho, kiitwacho DOI, bila malipo, na toleo ulilolitaja halitapotea hata ukibadilisha hazina yako. Data zikiwa za siri, kama zile za wagonjwa, usizitoe; weka data za kutengeneza zenye muundo uleule, na uandike wazi ni nani anayeweza kuomba kuziona zile halisi.

Kuhusu takwimu za kunukuliwa. Kielezo cha h (mwenye h ya kumi ana makala kumi zilizonukuliwa angalau mara kumi kila moja), alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kina tabia ya kumpendelea aliyeanza mapema na aliye katika fani yenye watu wengi. Azimio la San Francisco juu ya tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linataka utafiti upimwe kwa ubora wake badala ya kupimwa kwa sifa ya jarida lililouchapisha, na taasisi nyingi zimelitia saini. Maana yake kwako: usijaze ukurasa kwa namba. Namba moja yenye maelezo, kwa mfano kwamba mbinu yako imeingizwa katika programu fulani inayotumika sana, inashinda jedwali zima. Na kama masharti yanaitaka namba ya manukuu, itoe, taja umeitoa wapi na siku gani.

6. Wasifu

Mfupi. Weka namba yako ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu kumi na sita, ili jaji asikuchanganye na mwenye jina kama lako. Tenganisha makala zilizochapishwa na zile zilizowasilishwa tu. Usiandike "inaandaliwa", makala inayoandaliwa haipo.

7. Siku za mwisho

Mpe maelezo yako mtu asiye wa fani. Akimaliza, mwondolee karatasi, mwulize: "Nimefanya nini?" Akirudisha sentensi yako kwa maneno yake, umemaliza. Akisema "umefanya mambo mengi sana ya kompyuta", rudi hatua ya tatu.

Mambo madogo yanayoangusha watu wazima: ukurasa mmoja zaidi ya kikomo, faili lisilo na jina lako, barua iliyotumwa kwa mwombaji wakati ilipaswa kwenda moja kwa moja kwa kamati, saa ya mwisho iliyohesabiwa kwa majira ya nchi nyingine. Tuma siku mbili kabla, kisha ulifungue faili ulilolipakia, si lile lililoko kwenye kompyuta yako.

8. Baada ya majibu

Ukikosa, uliza mambo mawili tu: je, pendekezo langu linabaki hai kwa mwaka ujao, na je, kamati inatoa maoni? Baadhi ya tuzo hubeba majina kwa miaka miwili au mitatu bila mwombaji kujua. Waandikie waliokuandikia barua, uwaambie matokeo na kuwashukuru. Watu husahau hili wakishindwa, halafu mwaka unaofuata wanaona aibu kurudi kuomba tena.

Ukishinda, soma upya masharti, kwa sababu huenda kuna hotuba. Tuzo ya Tweedie, iliyopewa jina la Richard Tweedie aliyefariki 2001 baada ya kuwalea vijana wengi wa takwimu, humpeleka mshindi kuhutubia mkutano wa watafiti wapya wenzake. Katika hafla za kumbukumbu kwa jumla, safu ya mbele huweza kuwa na mjane, watoto, au mwanafunzi wa mwisho wa marehemu. Hao hawakuja kusikiliza milinganyo yote arobaini. Tenga dakika tano za mwanzo ambazo wataweza kuzifuata, na mahali kazi yako inapogusana na ya marehemu pataje kwa usahihi, hata kama ni padogo. Na kabla ya siku hiyo mwulize katibu wa kamati jina la marehemu linatamkwaje, kisha ulitamke mara kadhaa peke yako mpaka lizoee mdomoni.